Lebo ya Mama Pindo

Kama hujawahi kuvaa nguo iliyoshonwa na Mama Pindo, basi wewe nguo huijui, unajisitiri tu. Maneno hayo si yangu, ni yake mwenyewe, na alikuwa akiyasema mbele ya wateja bila haya, mguu uko kwenye pedali na pini zimejaa mdomoni. Jina la Pindo alipewa na mtaa, kwa sababu pindo la nguo yake lilikunjwa mara mbili na kushonwa mara mbili, na ukilivuta kwa nguvu utachanika wewe kabla ya uzi. Alishonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao. Cherehani ilikuwa karibu na dirisha ipate mwanga, meza ya kukatia iliyumba mguu mmoja, kioo kirefu kilikuwa na ufa, na kwenye kona palikaa rundo la vitambaa ambalo halikuwahi kupungua. Kila nguo iliyotoka humo ilibeba lebo shingoni, kipande kidogo kigumu alichokitarizi kwa uzi mwekundu: PINDO. Mafundi wengine huandika majina yao kwenye kibao cha mlangoni. Yeye aliandika kwenye shingo za watu.

Sasa mwanamke wa namna hiyo akajaliwa binti mmoja tu, na binti huyo hataki kuvaa.

Na usifikiri nazungumzia deko la kawaida, lile la mtoto kukataa sweta kwa sababu anataka kucheza. Huyu wakimwita Bobini, jina alilopewa na baba yake kwa kuwa tangu aanze kutembea alikuwa hatulii, anazunguka pale pale alipo, kama kile kigurudumu cha uzi ndani ya cherehani, mpaka wewe unayemtazama ndiyo unapata kizunguzungu. Alitembea kwa ncha za vidole. Maneno yalimjia kwa taabu, na hata yalipokuja yalikuwa ya kuomba au kukataa, si ya mazungumzo. Kumchana nywele ilikuwa vita. Lakini vita kuu ilikuwa asubuhi, gauni linapoingia kichwani. Alipiga kelele mpaka majirani wakaacha kuuliza. Akauma mkono wa gauni, akachana lesi, na ukimpa mgongo kidogo tu, keshavua na yuko barabarani kama alivyozaliwa.

Ukimkumbatia anakakamaa kama ubao. Mama yake alikuwa akimpapasa taratibu mgongoni, kwa upole wote alionao, na mtoto anajikunja kama amemwagiwa maji ya moto. Halafu baba yake, fundi bomba, mtu wa maneno machache na fulana moja kuukuu anayoivaa kila arudipo kutoka kazini, akishaketi tu, Bobini huyo anakwenda kumsukumia kichwa tumboni kwa nguvu na kubaki hapo. Mama Pindo akiona hivyo moyo unamchoma. Hakumwambia mtu, ila alikuwa ameshajipa jibu: mtoto wangu ananichukia.

Watu nao, unawajua watu. Wifi yake, mwenye duka la pale kona, alisema mtoto amedekezwa, achapwe. Jirani wa nyuma akasema kuna mkono wa mtu. Kila mmoja daktari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumshika huyo mtoto kwa muda wa kuchemka chai.

Mama mwingine angewaza ugonjwa. Mama Pindo aliwaza ufundi. Kwake yeye, mtu akiikataa nguo basi nguo ina kasoro. Kwa hiyo Bobini alipolikataa gauni la kwanza, alimshonea jingine zuri zaidi, lenye lesi shingoni. Akalikataa hilo, akaongezewa marinda na kitambaa kigumu cha ndani ili gauni lisimame. Akalichana, mama akaona mshono ulikuwa dhaifu, akaushona mara ya tatu. Akavua, mama akahamisha vifungo kutoka mbele kwenda nyuma. Akajifunza kuvifikia vifungo, mama akaweka zipu ndefu mgongoni na kikulabu juu yake, mahali ambapo mkono wa mtoto haufiki. Siku hiyo Bobini alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akakaa kwenye kona karibu na vitambaa, kimya, macho yakitazama ukuta.

"Umeona?" Mama Pindo alimwambia mumewe, akijipongeza. "Keshazoea."

Yashike maneno hayo.

Mtoto alipoanza chekechea, palikuwa na sare yenye kola na mkanda. Mama yake akaishona kwa moyo wake wote, na zipu yake ya mgongoni. Bobini alijisugua ukutani mpaka zipu ikafumuka na mgongo ukachubuka, akaivua mbele ya darasa zima, akaikanyaga. Haikuwa mara moja. Mwalimu mkuu, mwanamke mpole lakini asiyepinda, alimwita Mama Pindo ofisini kabla ya shule kufungwa kwa likizo.

"Mama, mimi sina ubaya na mtoto. Lakini shule ikifunguliwa na yeye akavua tena, itabidi abaki nyumbani. Wazazi wanalalamika."

"Abaki nyumbani mpaka lini?"

"Mpaka atakapoweza kuvaa." Mwalimu akashusha sauti. "Kule hospitali, jengo la watoto, kuna mtaalamu wa tiba ya kazi. Mpeleke."

Mama Pindo alitoka pale amefura. Tiba ya kazi? Mtoto ambaye hata kijiko anakidondosha, apewe kazi gani, abebe matofali? Alilalamika njia nzima, lakini likizo ilikuwa fupi na hakuwa na pengine pa kwenda. Asubuhi ya siku ya kwenda alimvalisha Bobini gauni zuri kuliko yote aliyowahi kushona, lile la lesi, kitambaa kigumu cha ndani na zipu ya nyuma. Ilichukua nguvu za watu wawili. Alitaka huko hospitali wajue kwamba mtoto huyu ana mwenyewe.

Alipofungua mlango wa chumba alichoelekezwa, alisimama hapo hapo. Hapakuwa na kitanda, hapakuwa na sindano, hapakuwa na koti jeupe. Palikuwa na pembea inayoning'inia darini, magodoro sakafuni, mpira mkubwa wa kufika kiunoni, beseni lililojaa mchele mkavu. Na katikati ya chumba, jitu la mwanaume, pana kama mlango, miguu peku, linatambaa kutoka kwenye handaki la kitambaa.

"Samahani, kaka," Mama Pindo alisema. "Namtafuta mtaalamu."

"Ndiye mimi, mama. Karibuni." Akabaki vile vile sakafuni. "Na huyu ndiye Bobini?"

Mama Pindo alitaka kugeuza njia. Alisema baadaye kwamba aliwaza, basi tumekwisha, tumeletwa kwa mtu anayehitaji kutibiwa kuliko mtoto. Hapo hapo moyoni akambandika jina, Bwana Pembea, na mtaa mzima ukaja kumjua kwa jina hilo.

Bwana Pembea hakumgusa mtoto. Alisukuma tu pembea tupu, mara moja, nyingine, kisha akakaa mbali. Bobini akaizunguka. Akaigusa. Akapanda. Jamaa akamsukuma taratibu, kisha kwa nguvu, na ndipo Mama Pindo akasikia kitu kilichomfanya ashike ukuta. Mtoto alikuwa anacheka. Si kutabasamu, kucheka kwa sauti, kichwa nyuma. Miaka yote aliyoishi naye hakuwahi kusikia kicheko kile, na sasa kimetolewa na mtu asiye na viatu. Furaha haikumjia kwanza. Wivu ndio ulimjia, na ukafuatiwa na aibu.

"Tiba ya kazi, mama," jamaa alieleza huku akisukuma, "ni kazi ya mtoto mwenyewe. Kazi yake ni kuvaa, kula, kucheza, kukaa darasani. Ikimshinda, tunatafuta kinachomzuia. Nyumbani anapenda kujificha wapi?"

"Chini ya vitambaa vyangu. Anajifukia humo kama panya."

"Ni vizito?"

"Rundo zima. Mimi mwenyewe nalibeba kwa taabu."

"Na kukumbatiwa?"

"Hataki." Akamtazama Bobini kwenye pembea. "Mimi hanitaki. Baba yake anamtaka."

Bwana Pembea akaitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayeelekezwa njia aijuayo. Kisha akasimamisha pembea, akamwomba Bobini ruhusa kwa kumwonyesha zipu kwa kidole, na mtoto, usiamini ukipenda, akamgeuzia mgongo afunguliwe. Akatoka ndani ya gauni mbio kama kuku aliyefunguliwa banda, akarukia beseni la mchele.

Jamaa akalichukua gauni na kulipindua ndani nje. Hapo Mama Pindo alijiweka sawa kwenye kiti. Anayejua nguo haangalii mbele, anaangalia ndani, na ndani yake yeye hakuwa na cha kuficha. Jamaa akapitisha dole gumba kwenye kila mshono, kwapani, kiunoni, mabegani. Akaugonga ule mshono wa mara tatu kwa ukucha, ukatoa sauti. Akafika shingoni, kwenye lesi na lebo.

"Nani alishona?"

"Mimi."

"Umeshona vizuri sana, mama. Imara kweli kweli."

"Asante."

"Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

Jamaa alimwita Bobini karibu kwa kiganja cha mchele, akamwonyesha mama nyuma ya shingo ya mtoto. Palikuwa na wekundu. Mama Pindo aliujua ule wekundu, alikuwa akiupaka poda kila jioni, akilaumu joto. Lakini hakuwahi kuutazama huku lebo yake iko kando. Sasa jamaa aliishika lebo juu ya ngozi bila kuigusa, na wekundu ulikuwa na pembe zile zile, upana ule ule. Chini yake mistari ilishuka mabegani mpaka kwapani, kila mahali alipopita na uzi wake. Mtoto alikuwa amechorwa gauni mwilini.

Mama Pindo aliufuata mstari mmoja kwa kidole, bila kuugusa.

"Kuna watoto," Bwana Pembea alisema kwa upole, "ambao mguso unawafikia kwa nguvu kupita kiasi. Kama redio iliyokwama kwenye sauti ya juu. Wewe mshono huusikii. Yeye unamkwaruza kutwa. Lesi inamchoma. Hata kumpapasa kidogo kidogo kunamkera, ila uzito na kubanwa sawasawa kunamtuliza. Si ukaidi, na hakukatai wewe."

Unadhani alikubali? Fundi huyo? Alilinyakua gauni, akajisugua mshono kwenye mkono wake, akasugua tena. "Mbona mimi halinichomi? Hili ni pamba. Nimechagua mwenyewe."

Jamaa hakubishana. Alimpa sindano na uzi, akamwomba autunge, jambo ambalo Mama Pindo hulifanya akiwa amefumba macho. Ila kwanza akamvisha glavu nene za bustani. Akawasha redio kwa sauti ya kuudhi. Akammulika tochi usoni. Kisha akasema, samahani mama, akachota mchele na kuumimina ndani ya kola yake mgongoni. Mama Pindo alijikaza. Uzi ukateleza. Mchele ukashuka, ukakwama kwenye mkanda wa sidiria, ukachoma. Redio ikapiga kelele. Akajikaza tena, na ghafla alisikia mtu akipiga ukelele na kutupa glavu ukutani, na mtu huyo alikuwa yeye. Alitamka na neno moja ambalo sitaliandika hapa. Alisimama katikati ya chumba akikung'uta blauzi yake, punje zinadondoka sakafuni, na Bobini akimtazama kutoka kwenye beseni, makini kabisa, kama anayeona kitu anachokijua.

Jamaa akazima redio. "Umevumilia kidogo tu, na ulijua utavua." Akaliokota gauni. "Naomba kuuliza. Zipu hii kwa nini iko mgongoni?"

Swali la kawaida tu. Mama Pindo alilijibu kabla hajalisikia vizuri. "Ili asivue."

Kisha akalisikia.

Aliona kile kikulabu cha juu, alivyokitafuta dukani, alivyojisifu. Aliona kona ya chumba chake na mtoto aliyekauka sauti. Akakaa kwenye godoro.

"Nilidhani amezoea," alisema.

"Hakuzoea, mama. Alichoka."

Alilia, na alilia vibaya, kwa makamasi, mbele ya mtu asiyemjua. Jamaa hakumwambia nyamaza. Alisubiri, kisha akamfundisha jinsi ya kurudi nyumbani: gauni hili hili, lakini limegeuzwa ndani nje, kitambaa kigumu kimekatwa, zipu nusu wazi. Na kabla ya kulivaa, mtoto asukume ule mpira mzito mpaka mwisho wa chumba na kurudi, mwili utulie kwanza.

Sasa mpigie picha akilini fundi mwenye jina lake, mchana kweupe, akikatiza mtaani kwake na binti aliyevaa gauni la sikukuu ndani nje. Mishono yote iko hewani, nyuzi zinaning'inia, na nyuma ya shingo lebo inasomeka vizuri na mtaa mzima: PINDO. Watu walibaki vinywa wazi. Wifi alitoka dukani na mzani mkononi.

"Wifi, umechanganyikiwa? Ndivyo unavyotembea na mtoto?"

"Ndivyo," Mama Pindo akasema, na akapita. Macho yake hayakuwa kwa wifi. Yalikuwa chini, kwenye miguu ya Bobini. Mtoto alikuwa akikanyaga kwa unyayo mzima.

Kuanzia hapo likizo ikawa ya kazi. Walikwenda kwa Bwana Pembea, wakabembea, wakachimba vitu vilivyofichwa kwenye mchele, wakapitishana kwenye handaki, na Mama Pindo mwenyewe aliingia humo akakwama kiunoni, akavutwa miguu. Mchezo mtupu, ungesema, lakini kila mchezo ulikuwa na kisa chake. Nyumbani, kabla ya kuvaa, Bobini alibebeshwa jora la kitambaa kutoka mezani hadi mlangoni na kurudi. Kumpapasa kukafa. Mama alijifunza kumwita kwanza, akae mbele yake aonekane, kisha amkumbatie kwa nguvu bila kusugua, kama mtu anayefunga mzigo usimwagike. Siku ya kwanza alipofanya hivyo alifumba macho akisubiri ule ubao. Ubao haukuja. Mwili wa mtoto ulilegea mikononi mwake, mzito, na yeye akaogopa hata kupumua.

Na kulikuwa na mchezo mmoja ambao haukutoka hospitali. Alileta vikapu viwili na vipande vya vitambaa vyake vyote, akamwachia Bobini avigawe mwenyewe, cha kutaka na cha kutotaka. Lesi haikufika hata kikapuni, ilirushwa dirishani. Satini ghali ikafuata. Kile kitambaa kigumu alikitemea mate. Kikapu cha kutaka kikabaki kitupu kwa muda mrefu, na Mama Pindo akiumia kwa kila kipande, mpaka mtoto akaondoka, akaenda chumbani, akarudi anaburuta kitu. Ilikuwa fulana kuukuu ya baba yake, iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama unga, isiyo na lebo wala mshono unaosikika. Akaitia kikapuni.

Mama Pindo alitazama fulana ile kwa muda. Miaka yote hiyo alikuwa akishindana na fulana.

Sare ikabaki. Alishona moja bila kitambaa kigumu, Bobini akapiga kelele. Akashona nyingine yenye mishono nje, lakini alijua mwalimu mkuu hataikubali, na kola bado ilikwaruza. Shule inakaribia kufunguliwa, na fundi hodari ameinamia cherehani, analia juu ya kitambaa. Mumewe alipita, akasimama.

"Ndani iwe nje, na nje iwe nje," alisema. "Inawezekana?"

Alikuwa anatania, maskini. Lakini mkewe alinyanyua kichwa. Alikata sare mbili badala ya moja, ya nje kwa kitambaa cha shule, ya ndani kwa kitu kingine, akaziweka zitazamane mishono kwa mishono, yote ikafungiwa katikati. Nje safi, ndani safi. Kola akailaza, laini, haina hata kona. Zipu akaileta mbele, na kwenye kichwa chake akafunga utepe, ili mkono mdogo uishike na kuifungua wenyewe, wakati wowote unaotaka. Kisha, kwa mazoea, mkono wake ukaenda kwenye kopo la lebo. Ukasimama hewani. Haikuwahi kutokea nguo kutoka kwake bila jina. Akafunika kopo.

Jioni mumewe alizunguka nyumba nzima. "Fulana yangu iko wapi?"

"Inakwenda shule," mkewe akamjibu.

Asubuhi ya kufungua shule Bobini alibeba jora lake, akainua mikono, akaingia ndani ya sare. Mama akavuta zipu mpaka karibu na mwisho, akaacha kipande kidogo cha juu. Mtoto akashika utepe, akamalizia mwenyewe. Akashusha. Akapandisha. Akashusha tena kuhakikisha kwamba kweli inafunguka. Kisha akapandisha, akatulia.

Mama Pindo alirudi kwenye cherehani, lakini hakushona cha maana. Alishona mkono wa blauzi ya mteja upande usio wake, akafumua. Jua halijapanda sana, mlinzi wa shule akasimama mlangoni. "Mwalimu mkuu anakuita."

Alikimbia na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Njiani alishamwona mtoto yuko uchi, sare iko chini, watoto wanacheka. Alishajua na maneno ya mwalimu. Mwisho wa yote, alikuwa anawaza, mimi ndiye niliyemfikisha hapa.

Bobini alikuwa amevaa. Amesimama katikati ya darasa, sare iko mwilini, zipu imefungwa. Mama Pindo aliangalia mara mbili.

"Hajavua," mwalimu mkuu alisema, naye anaonekana kutoelewa dunia. "Tatizo si hilo. Anashika wenzake shingo. Tangu asubuhi anapita dawati kwa dawati, anafunua kola za watoto, anachungulia ndani, anawauliza, inauma? Huyu hapa alikuwa analia, amemkumbuka mama yake tu. Bobini akamvamia, anataka kuing'ata lebo ya shati lake aitoe. Nimemkataza, hasikii. Ni ugomvi, au ni nini?"

Mama Pindo alifungua mdomo ajibu, na ndipo jambo lenyewe likamshukia. Akatafuta kiti, akapata kile kidogo cha watoto, akakaa, magoti yakamfika kidevuni.

Mtoto hakujua kwamba ni yeye tu. Asubuhi zote zile alidhani ndivyo nguo zilivyo. Alidhani watu wote wanachomwa, baba, mama, mwalimu, watoto hawa wote, na kwamba wote wanaweza kuvumilia na kucheka na kuimba nazo hivyo hivyo, isipokuwa yeye. Sasa nguo yake imepona, na anawatafuta wenzake ambao bado.

Kabla hajapata la kumwambia mwalimu, alihisi vidole nyuma ya shingo yake. Bobini alikuwa amezunguka kiti. Alisogeza futi pembeni, akafunua kola ya blauzi ya mama yake, na kidole kikaikuta lebo, ngumu, yenye uzi mwekundu, pale ilipokuwa siku zote.

"Mama," alisema. "Inauma?"

Hakuwahi kumuuliza swali maishani mwake. Mama Pindo alitaka kusema ndiyo, ili wafanane.

"Hapana, mwanangu," alisema. "Mimi hainiumi. Ilikuwa inakuuma wewe."

Bobini alikuja mbele amtazame usoni. Alikodoa macho. Aliwatazama watoto mmoja mmoja, kola zao, lebo zao, nyuso zao ambazo hazikuwa zinavumilia chochote. Pale ndani, siku ile, aliyeshangaa kuliko wote alikuwa huyo mtoto.

Mama Pindo alimwita kwa jina, akafungua mikono aione, akambana kifuani sawasawa, bila kusugua. Walikaa hivyo mbele ya darasa zima. Mwalimu mkuu alitoa watoto nje wakacheze, na Bobini, mama yake alipomwachia, aliivuta zipu kidogo chini, akaipandisha, akawafuata.

"Naomba mkasi," Mama Pindo alimwambia mwalimu.

"Wa nini tena, mama?"

"Wa kukatia lebo. Nimewashonea nusu ya watoto wa shule hii."